Mwalimu wa Mjini Hufundwa Wapi?

Msomaji, yamkini umepata kufundishwa na mwanachuo aliye katika mazoezi. Huja mwanzoni mwa muhula, viatu vyake vimeng'arishwa, kwapani ana daftari la maandalio ya masomo. Nanyi humtambua kabla hajafungua kinywa. Juma la kwanza mwamjaribu. Juma la pili mwamwonea huruma, au hammwonei. Muhula ukiisha huenda zake akiwa ameijua kidogo kazi ya kufundisha, lakini kujua huko amekupatia juu yenu, mfano wa kinyozi mwanagenzi apataye ujuzi wake juu ya vichwa vya watu. Makosa yake yote yamelipiwa, na waliolipa ni nyinyi.

Mimi ni mmoja wa wale wanaowatuma wanachuo hao. Nafundisha katika chuo cha ualimu, na kila mwaka huona jambo lile lile. Mwanachuo aliyekulia shambani, akipelekwa katika shule ya shambani, hutatizika kidogo kisha hutulia: lugha ya watoto aijua, nyumba zao azijua, na mvua kubwa ikinyesha ajua ni nani hatafika kwa sababu ya mto. Mpeleke huyo huyo mjini. Atakuta watoto sabini darasani ambao wazazi wao wametoka pande zote za nchi. Wao wasema Sheng, naye asema Kiswahili cha vitabuni. Na mwenye nyumba akipandisha kodi jamaa huhama usiku, hata asubuhi jina la mtoto limo katika rejista lakini mwenyewe hayupo. Hayo hakufundishwa chuoni. Angefundishiwa wapi, na kwa fedha za nani? Swali hili lina umri mkubwa kuliko mji wa Nairobi wenyewe. Limekwisha kujibiwa zaidi ya mara moja, kisha jibu likasahauliwa. Nataka nikusimulie majibu machache.

Tuanze London. Mwaka 1801 mji huo ulikuwa na watu wapatao milioni moja, na mitaa iliyo kusini ya mto Thames ilijaa watoto wasiokuwa na shule. Miaka mitatu kabla ya hapo, yaani mwaka 1798, kijana aitwaye Joseph Lancaster, mwenye umri wa miaka ishirini hivi, alikuwa amefungua shule ya maskini huko Southwark. Watoto wakamiminika kwa mamia, wala fedha za kuajiri walimu hakuwa nazo. Basi akawatumia watoto wenyewe. Mwalimu aliwafundisha viranja, na kila kiranja akakifundisha kikundi chake kidogo. Wadogo waliandika herufi kwa kidole juu ya mchanga ili karatasi isitumike. Kurasa za kitabu kimoja zilitundikwa ukutani ili kitabu hicho kiwatoshe wote. Kwa hila hii mtu mzima mmoja aliweza kuendesha shule ya watoto mia kadhaa. Lancaster hakupenda kiboko, lakini usidhani kwamba alikuwa mpole: mtoto mkaidi aliweza kutiwa katika kikapu na kuvutwa juu hadi darini, wenzake wakamtazama na kumcheka.

Viranja hodari wa shule yake iliyokuwa Borough Road walikaa hapo muda mfupi tu wakijifunza taratibu zake, kisha wakatumwa kwenda kufungua shule nyingine katika miji mingine. Hicho ndicho kilikuwa chuo chao cha ualimu. Mfalme George wa Tatu aliupenda mpango huu, ukavuka bahari, na mwaka 1806 ulikuwa umefika New York. Uzuri wake mkuu, tuseme kweli, ulikuwa urahisi wa bei. Walakini ulikuwa na jambo moja la haki ambalo wanaoucheka huwa hawalitaji: mwalimu wa mjini alifundwa mjini, mbele ya watoto wa mjini. Kasoro ni kwamba hakuwapo mtu wa kumfunda. Alijua kuamrisha safu zisimame na safu ziketi. Kwa nini mtoto fulani haelewi, hilo hakuulizwa.

Aliyekuja kuliuliza hakuwa mwalimu hata kidogo. Alikuwa mfanyabiashara wa Glasgow, mji mkubwa wa Scotland. David Stow alizaliwa Paisley mwaka 1793, akahamia Glasgow akiwa kijana, wakati wa viwanda vya pamba. Mwaka 1801 Glasgow ilikuwa na watu 77,000 hivi. Ilipofika mwaka 1831 walikuwa wamezidi 200,000. Watu waliteremka kutoka milima ya kaskazini, na wengine wakavuka bahari kutoka Ireland, wote wakabanana katika vyumba vya giza vilivyopakana na vichochoro vyenye uvundo. Stow alipokuwa akipita mtaa wa Saltmarket, aliwaona watoto wakizurura, wakipigana na kutukanana. Mwaka 1816 akaanzisha darasa la Jumapili jioni kwa ajili yao.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo halikumwacha tena maisha yake yote. Saa chache za Jumapili hazikuweza kushindana na siku sita za barabarani. Barabara nayo ilikuwa shule, tena shule isiyo na likizo. Stow akajiuliza nguvu ya barabara ni nini, akaona kuwa ni wingi: watoto hufundishana wenyewe kwa wenyewe, na mtu mzima hayupo kati yao. Kijijini mtoto hukutana na macho ya wazee kila aendako. Mjini aweza kutembea kutwa nzima asikutane na jicho linalomjua. Kwa hiyo shule ya mjini haikuweza kuwa shule ya shamba iliyong'olewa na kupandwa penye moshi. Ilipaswa kuitwaa ile nguvu ya wingi na kuigeuza upande wa wema.

Mwaka 1828 yeye na wenzake walifungua shule ya watoto wadogo katika mtaa wa Drygate. Ukiingia darasani ungeona mabenchi yamepangwa kama ngazi, safu juu ya safu, hata kila mtoto amwone mwalimu na mwalimu amwone kila mtoto. Wengi walifundishwa kwa pamoja, si kwa kukariri bali kwa mazungumzo: mwalimu alieleza kitu kwa maneno mpaka watoto wakione kwa macho ya moyo, akaacha sentensi ikining'inia, nao wakaimalizia. Hapakuwa na kiboko, wala hapakuwa na zawadi. Lakini mahali Stow alipopapenda kuliko darasa ni uwanja wa kuchezea. Kando ya uwanja alipanda maua na matunda yasiyokuwa na uzio. Mwalimu alipaswa kuwapo uwanjani, acheze nao pia, na awatazame. Kwa maana darasani mtoto huvaa sura ya shule, lakini uwanjani hujionyesha alivyo. Mtoto akichuma ua, au akimwonea mwenzake, mwalimu hakumkamata. Alingoja mpaka wote warudi ndani, kisha akalileta jambo hilo mbele ya safu zote bila kumtaja mtu, na watoto wenyewe wakatoa hukumu.

Fikiri sasa kazi hiyo inahitaji mwalimu wa namna gani. Kiranja wa Lancaster asingeiweza hata siku moja. Ndiyo maana Stow alianza kufunda walimu, na mwaka 1837 chuo chake kikafunguliwa penye mahali paitwapo Dundas Vale. Wengi hulihesabu jengo hilo kuwa la kwanza katika Uingereza nzima kujengwa makusudi kwa kufunda walimu. Watoto wa mjini na wanachuo walikuwa chini ya paa moja. Mwanachuo alitazama, kisha akafundisha kikundi kidogo, kisha akasimama mbele ya zile safu huku wanachuo wenzake na walimu wake wakimwangalia. Baadaye, watoto wakiwa wameondoka, ilifika saa ya kukosolewa. Kila mtu alisema aliloliona: sauti ilikuwa ndogo, swali halikuwa na jibu, mtoto wa safu ya juu alisinzia. Huo ulikuwa moto. Wanachuo wangu, ambao mkaguzi mmoja tu aliyekaa nyuma ya darasa huwatetemesha, sijui wangesemaje. Lakini kosa lilipata mtu mzima wa kulirekebisha siku ile ile, wala halikuachiwa watoto walibebe mwaka mzima.

Habari za chuo hicho zilienea mbali. Kanisa la Wamethodisti la Uingereza liliwapeleka walimu wake Glasgow kwa miaka mingi, mpaka lilipofungua chuo chake London mwaka 1851. Ila gharama za jengo zilimlemea Stow na wenzake kwa madeni. Serikali ikakubali kuwasaidia kwa sharti kwamba chuo kiwe mali ya Kanisa la Scotland. Mwaka 1843 kanisa hilo likagawanyika sehemu mbili. Stow akawa upande wa waliotoka, na mwaka 1845 ikambidi kuondoka katika nyumba aliyoijenga. Aliondoka na walimu na karibu watoto wote, wakafungua chuo kingine karibu na pale mwaka ule ule. Mtu mwingine angekata tamaa. Stow aliendelea na kazi, akafa mwaka 1864.

Serikali ya London ilitaka kitu ambacho kingeenea nchi nzima kwa bei ndogo zaidi. Mwaka 1846 James Kay-Shuttleworth, aliyekuwa daktari wa maskini wa Manchester kabla ya kuwa mkuu wa elimu, alileta mpango wa wanafunzi-walimu. Kijana wa miaka 13 aliandikishwa kwa mkuu wa shule kwa muda wa miaka mitano. Kutwa alifundisha, kisha, kabla ya shule au baada yake, mkuu alimfundisha yeye saa moja na nusu. Mshahara ulianza na paundi 10 kwa mwaka, ukapanda hadi 20, na waliofaulu walipata nafasi ya kusoma chuoni. Mpango huu uliwapa kazi ya heshima maelfu ya watoto wa wafanyakazi, wasichana kwa wavulana. Watoto wa mjini wakafundishwa na vijana waliozaliwa mtaa mmoja nao. Hilo si jambo dogo. Lakini mwaka 1862 zikaja kanuni mpya zilizofunga fedha za shule na matokeo ya mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu, na hesabu ya wanafunzi-walimu ikashuka upesi. Nani atampa mwanagenzi saa yake moja na nusu, ikiwa mkate wa mkuu wa shule wategemea mtihani?

Ungefikiri kwamba Waingereza walipotuletea shule walituletea na fikira hizi za mjini. Sivyo. Kilicholetwa kwetu kilitoka kwingine. Mwaka 1907 mama mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za Wamarekani Weusi wa mashambani, na mwaka 1908 mwalimu Virginia Randolph akaanza kuzunguka katika shule ndogo za wilaya moja ya jimbo la Virginia, akiwasaidia walimu wenzake. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924 iliusifu mfano huo, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Mwalimu alikuja na mkewe na watoto wake, wakakaa katika nyumba ndogo, wakajifunza kilimo, afya na malezi pamoja na ufundishaji, kisha mwalimu akarudi kuzitembelea shule za vijijini. Ilikuwa kazi njema kwa mahali pake. Mji haukuwamo katika mawazo hayo, kwa sababu serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa mjini kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi kwa muda na kisha kurudi kwao. Hapana haja ya kumfundia mwalimu mtoto ambaye, kwa fikira hizo, hakupaswa kuwapo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Nairobi ina watu 4,397,073.

Huko Marekani nako watu wale waliokusudiwa na fedha za Anna Jeanes hawakubaki mashambani. Kwa miaka mingi Wamarekani Weusi wa kusini walihamia mijini kutafuta kazi na kukimbia dhuluma, na wengi wao walifika Washington, mji mkuu. Kuna shule huko iitwayo Cardozo, iliyo juu ya kilima. Jengo lake lilikuwa la shule ya Wazungu mpaka mwaka 1950, ndipo likapewa Cardozo, ambayo ilikuwa shule ya Weusi. Mwaka 1954 Mahakama Kuu iliharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za serikali. Lakini Wazungu wengi walihama mji, hata mwaka 1963 wanafunzi wa Cardozo walikuwa karibu wote Weusi, na wengi wao maskini. Walimu waliofunzwa vizuri waliikwepa shule ya namna hiyo, na waliotumwa hawakukaa.

Mwaka huo, mkuu wa shule, Bibi Bennetta Washington, alikubali jaribio. Vijana kumi waliokuwa wamerudi kutoka ng'ambo, ambako walifundisha wakiwa katika Peace Corps, lile jeshi la amani la Marekani, waliletwa Cardozo wawe walimu wanagenzi. Hawakuwa na cheti cha ualimu. Hawakupelekwa chuoni kwanza ndipo waje shuleni; chuo kililetwa shuleni. Kila mmoja alifundisha vipindi vichache tu kwa siku, akiangaliwa na mwalimu mlezi mwenye uzoefu. Vipindi vikiisha walikaa pamoja kuyazungumzia yaliyotokea, wakasoma masomo ya chuo kikuu, wakatunga masomo mapya, na wakatembelea majumba ya wanafunzi. Mmoja wa walimu walezi alikuwa Larry Cuban, aliyekuwa amefundisha historia kwa miaka saba katika shule ya watoto Weusi mjini Cleveland. Vitabu vya historia vya wakati ule havikuwa na watu kama wanafunzi wake, ila walipotajwa kama watumwa. Kwa hiyo aliandika karatasi zake mwenyewe, na kwa wanagenzi wa Cardozo kuandika masomo kama hayo kukawa sehemu ya kazi ya kila juma.

Unaona, msomaji, kwamba hii ni Dundas Vale tena. Sijui kama kuna mtu hata mmoja pale kilimani aliyemfikiri David Stow. Yaelekea walidhani wanaanza upya. Na mambo yaliyofuata yalifanana pia. Seneta Gaylord Nelson aliupenda mpango huu, akisaidiana na Seneta Edward Kennedy, na katika sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965 likaanzishwa jeshi la walimu kwa nchi nzima, likiwaweka wanagenzi katika vikundi chini ya kiongozi mzoefu, mijini na mashambani penye umaskini. Tangu siku za kwanza lilipigania fedha bungeni. Baadhi ya wakuu wa shule hawakupenda wageni wenye mawazo makali. Vyuo vikuu navyo havikupenda kuambiwa kwamba chumba cha mihadhara hakitoshi. Jeshi hilo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1981.

Kilichokuja baadaye kilikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1990 chama kiitwacho Teach For America kiliwatuma vijana wapatao 500, wahitimu wa vyuo vikuu, kwenda kufundisha katika shule za maskini kwa ahadi ya miaka miwili. Walifundwa kwa majuma machache ya kiangazi. Nawaheshimu vijana hao, kwa kuwa wengi wao wangeweza kwenda penye mishahara minono. Lakini wema wa moyo haumfundishi mtu namna ya kumshika mtoto wa safu ya nyuma, na mwenye kukaa miaka miwili huondoka pale anapoanza kujua. Bei imeshuka, na tofauti yake imelipwa na watoto, kama siku za kikapu cha Lancaster.

Kisha jibu la zamani likachimbuliwa kwa mara nyingine. Chicago ilianza mwaka 2001, na Boston mwaka 2003. Huko Boston mwanagenzi hukaa mwaka mzima katika darasa moja la mjini, siku nne kwa juma, pamoja na mwalimu mwenye darasa hilo. Siku ya tano husoma. Hapewi darasa lake mpaka mwaka huo umekwisha, na huahidi kufundisha katika shule za mji huo miaka mitatu. Waanzilishi walisema wameiga mafunzo ya madaktari katika hospitali. Mwanagenzi hupewa posho ya kumwezesha kula, na mwalimu mlezi hupewa nyongeza kwa kazi ya kufunda, jambo ambalo katika shule nyingi ninazozijua hapa kwetu bado halijafikiriwa: mwalimu wa darasa humkabidhi mwanachuo chaki na rejista, akashukuru kupumzika kidogo, naye mkufunzi kutoka chuoni, nikiwamo mimi, hupita kumtazama kwa kipindi kimoja, akaandika alama katika fomu, akawahi gari.